Dirisha la Shangazi

Shangazi yangu hakuwahi kubuni ua hata moja maishani mwake, na alijivunia jambo hilo kama wenzake wanavyojivunia wajukuu. "Mimi nafuatisha," alikuwa akisema, sindano ikiwa imebanwa kwenye kona ya mdomo. "Anayebuni ni Mungu. Mimi naangalia, natia uzi." Alitarizi mashuka na foronya kwa miaka arobaini, na kama waridi alilopewa kufuatisha lilikuwa na jani lililoliwa na mdudu, basi hata kwenye foronya yako jani lile lilikuja limeliwa, upende usipende.

Kitu kimoja tu kilimtisha, nacho kilikuwa macho. Mama yake, yaani bibi yangu mimi, alipofuka akiwa na umri uleule aliokuwa nao shangazi sasa, akamaliza miaka yake kwenye kiti cha mlangoni akiuliza nani huyo anapita. Shangazi alikuwa akilisema jambo hilo kwa mzaha, kwa sababu bila mzaha asingeweza kulisema. "Siku macho yakiniaga, msije mkanikalisha mlangoni. Nitang'ata watu." Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko yeye, na nilijua kabisa kwamba hacheki.

Niliishi naye tangu nikiwa na miaka tisa, na hadi leo sijui maisha mengine. Nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, nimesimama mbele ya mashine kuanzia asubuhi, natazama mwanga wa kijani ukipita chini ya karatasi za watu: vyeti vyao, barua zao, picha zao za pasipoti wakiwa wamekunja uso. Ukitazama mwanga ule kutwa nzima, jioni kila kitu kinakuwa kama kimepitiwa na maji. Labda ndiyo sababu naitwa mtu wa kuota mchana. Siku nilipomnunulia shangazi kishikwambi, nilikuwa naota tu kwamba atakaa kitandani aangalie vipindi vya mapishi, apumzike.

Kilikuwa kishikwambi cha bei ya chini kuliko vyote dukani. Kampuni iliyokitengeneza hakuna aliyewahi kuisikia, mgongo wake ulikuwa wa plastiki iliyolia ukiibonyeza, na ukikiwasha ulikuwa na muda wa kuchemsha chai, kuinywa na kuosha kikombe kabla hakijaamka. Waya wa chaji ulishika pale tu ulipoulaza upande. Hata hivyo kioo chake kilikuwa na mwanga mzuri, mweupe, mtulivu.

Shangazi hakuangalia mapishi hata siku moja. Alikigeuza, akakigonga mgongoni kwa ukucha, akauliza, "Kinawaka kwa muda gani?" Nikamwambia saa tano, labda sita. Akaenda kabatini akatoa kipande cha poplini nyeupe, akakitandika juu ya kioo. Picha ya ua niliyokuwa nimemfungulia ikapenya kwenye kitambaa taratibu, ikatulia, kila jani mahali pake. Akachukua penseli.

Lazima nieleze. Miaka yote ile, ili anakili ua kwenye kitambaa, alikuwa akiibandika picha kwenye kioo cha dirisha, anaweka kitambaa juu yake, kisha anasimama mikono juu akifuatisha mistari kwa penseli huku jua likimsaidia kwa nyuma. Mabega yalimuuma hadi analala amekaa. Siku za mawingu hakuna kazi. Na sasa alikuwa na dirisha linalolala mezani, lenye jua lake lenyewe ndani. Kuanzia siku ile hakukiita kishikwambi. Alikiita dirisha, na mimi nikawa mtu wa kumletea vya kuona humo: maua, ndege, matawi ya mikomamanga, ninavyovipata mchana kazini.

Vidole vyake vilikuwa vikigusa kioo kupitia kitambaa, na ua lilikuwa likikimbia, mara dogo, mara limejaa kioo kizima. Alilifokea kama anafokea mbuzi. Mwishowe akang'oa kioo kwenye fremu ya picha kuukuu, akakilaza juu ya dirisha lake, na maua yakatulia.

Alasiri zile ndizo ninazozikumbuka nikiwa nimefumba macho. Narudi kazini, miguu inawaka moto, naingia bila kubisha. Pazia limeshushwa nusu ili mwanga wa nje usishindane na wa ndani. Meza imejaa weupe unaotoka chini ya kitambaa, uso wa shangazi unaelea juu yake, na penseli inatembea bila sauti. Nilikuwa nakaa sakafuni na kuegemea mguu wa meza. Mara nyingi nilisinzia hapohapo, na ndotoni maua yaliendelea kuchorwa. Nikiamka, yeye alikuwa bado yupo palepale, na mimi nilikuwa bado sijapika.

"Umechoka?" alikuwa akiuliza bila kuinua kichwa.

"Sijachoka, shangazi. Niko sawa."

Kwa kuwa alifuatisha kila alichokiona, makosa yalikuja. Mteja wetu mkubwa alikuwa mama mwenye nyumba ya wageni, mwanamke mnene wa maneno machache na funguo nyingi kiunoni, aliyeagiza foronya kumi na mbili za waridi. Alipozipokea akaziangalia moja moja, kisha akaniita pembeni.

"Hiki nini?"

Kwenye kona ya juu ya kila foronya, kwa uzi mwekundu, shangazi alikuwa ametarizi kibetri kidogo kinachokaribia kwisha, na pembeni yake saa: nane na dakika kumi na saba. Kumi na mbili zote. Kazi safi, huwezi kuona fundo hata upande wa nyuma.

Nilitamani ardhi inimeze. Nyumbani shangazi hakutikisika. "Si kilikuwepo pale juu ya ua? Sasa mimi ni nani wa kukiondoa?" Mama mwenye nyumba ya wageni alizichukua hivyohivyo, kwa shingo upande, na wiki iliyofuata akaja kuagiza nyingine. Wageni wamecheka, alisema, na mgeni aliyecheka halalamiki sana kuhusu maji ya moto.

Basi tulilizoea hilo: likiwa kwenye kioo, litakuwa kwenye kitambaa. Ulipopita ufa kwenye kioo cha fremu, ufa nao ukatariziwa, ukapita katikati ya matawi kama uzi wa buibui. Sisi tukawa tunasema, dirisha la shangazi lina mambo yake. Na ndivyo tulivyojidanganya.

Mwaka wa pili wa dirisha, shangazi akaanza kulalamika. "Kioo chako kinachafuka." Nikakifuta kwa kitambaa na spiriti. Siku tatu baadaye: "Kimechafuka tena." Halafu mwanga haukutosha. Nikauongeza. Haukutosha. Nikamwonyesha kwamba umefika mwisho, hauna pengine pa kwenda. "Basi kimezeeka," akasema. "Vitu vya bei rahisi vinazeeka upesi." Akaanza kununua uzi wa buluu iliyokolea zaidi, kisha iliyokolea zaidi ya hiyo, na akikuta dukani wanampa buluu ileile ya zamani anawaambia wanamuuzia kijivu.

Hapo ndipo yalipokuja maduara. Kuzunguka kila ua, kwa uzi wa rangi ya maziwa, na nje yake mwingine wa manjano hafifu, shangazi alianza kutarizi duara la ukungu. Sijui niseme vipi uzuri wake. Waridi lilikuwa kama limetoka kuamka, bado linapumua. Ndege alikaa ndani ya mwanga wake mwenyewe. Mama mwenye nyumba ya wageni, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisifia kitu, alishika foronya ya kwanza akasimama nayo muda mrefu katikati ya chumba. "Hii usimpe mtu mwingine," akasema. Wageni walikuwa wakiuliza chumba chenye maua ya ukungu. Mmoja alisema hajaota vizuri hivyo tangu utotoni.

Mimi mwenyewe nilibakiza moja. Niliipiga pasi, nikailalia, nikaota natembea kwenye bustani ambayo kila kitu ndani yake kina mzunguko wake wa mwanga, hata mawe, hata miguu yangu. Niliamka nina furaha ya kijinga. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilikuwa nayatazama maduara yale kila siku, nayafua, nayapiga pasi, nayapeleka kwa mteja, na sikujiuliza swali moja ambalo hata mtoto angeuliza.

Wiki moja, madaktari wa macho wakaja kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu. Tangazo lao nililitolea kopi mimi mwenyewe, nakala mia mbili: uchunguzi, miwani, upasuaji wa mtoto wa jicho, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, baada ya hapo wanaondoka na haijulikani watarudi lini. Nikaenda nalo nyumbani.

"Twende tu wakuangalie, shangazi. Kuangaliwa hakuumi."

Aliendelea kushona. "Macho yangu hayana neno. Mgonjwa ni dirisha. Mpeleke huyo kwa daktari wake."

"Na akikutwa mzima?"

Sindano ikasimama. Sikuwa nimepanga kusema vile. Akanitazama, au akatazama mahali ambapo sauti yangu ilikuwa, na kwa mara ya kwanza nikaona hofu imekaa usoni mwake bila kujificha.

"Mpeleke kwanza," akasema.

Jumatano mchana nikaomba ruhusa kazini. Shangazi akakifunga kishikwambi ndani ya foronya aliyoimaliza asubuhi hiyo, kisikwaruzwe, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa mtoto mchanga.

Fundi tuliyemwendea sote mtaani tulimwita Kimya, kwa sababu hakusema kitu ila kwa lazima. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo refu, giza muda wote, kimejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Nikamweleza maneno ya shangazi: mwanga umekufa, picha zina ukungu, kuzunguka kila kitu kuna duara. Akatikisa kichwa, akabonyeza, akasubiri. Tulisubiri sana. Huko juu watu walipanda na kushuka ngazi, nikasinzia nimesimama.

Niliamshwa na mwanga. Kishikwambi kilikuwa kimewaka na kibanda kizima kilikuwa cheupe, niliweza kusoma maandishi kwenye viboksi vya skrubu kule nyuma. Kimya alikuwa amefumba jicho moja kwa ukali wa mwanga ule. Kwenye kioo lilikuwa waridi la asubuhi ile, jekundu, kingo zake kali kama zimekatwa kwa wembe. Kulizunguka hapakuwa na kitu. Weupe mtupu.

Nikatazama foronya iliyokuwa mkononi mwangu. Waridi lilelile, jani kwa jani. Na duara lake la maziwa, na nje yake la manjano.

Nikatazama tena kioo. Nikatazama tena foronya. Mtu aliyetarizi betri na dakika, aliyetarizi ufa, mtu ambaye hakuwahi kuongeza kitu kutoka kichwani mwake.

"Kizima," Kimya akasema. Akakizima, akakifuta, akakirudisha. Kisha, jambo ambalo sikulitarajia kwake, akaongeza maneno. "Nani anakitumia?"

"Shangazi yangu."

Alikataa malipo.

Njia nzima nilikuwa natunga uongo. Nilikuwa nao tayari, mzuri, umenyooka: fundi amesema taa ya ndani imechakaa, kuna kifaa cha kuagiza, kitachukua mwezi. Mwezi mmoja wa amani. Na nitasema ukweli wangu wote, maana hakuna faida ya kujipamba hapa: sikuufikiria uongo ule kwa ajili yake tu. Niliyafikiria na maduara. Nilifikiri kwamba wakimtibu, hayatakuja tena, na kwamba nitakuwa mmoja wa watu walioyafuta duniani. Niliona haya kwa wazo hilo, nikatembea nalo hivyohivyo hadi mlangoni.

Alikuwa amekaa mezani, mikono mitupu. Sijui kama nimewahi kumwona na mikono mitupu.

"Kasema nini?"

Uongo wangu ukaja hadi kwenye ulimi. Nikaumeza.

"Kasema kizima, shangazi."

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa madumu matupu, na kelele zake zikapita zote, kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho.

"Huyo fundi naye," akasema. Kisha akaacha, maana hata yeye aliona haliendi. Akanyoosha mkono, nikampa foronya. Akapitisha kidole kwenye duara, polepole, mara mbili.

"Kwa hiyo hili halipo."

"Halipo."

"Na ninyi mkalipenda."

"Tulilipenda sana. Mimi nalilalia kila siku."

"Nilidhani dirisha limejifunza urembo," akasema. "Nikasema afadhali, limekua." Akacheka kidogo puani. "Na taa ya barabarani? Ile ina duara kubwa, la rangi rangi."

"Haina, shangazi. Ni taa tu."

"Mwezi?"

"Wakati mwingine. Si kila siku."

Akawaza. Nikajua kwamba anapita ndani ya nyumba yetu na mtaa wetu, kitu kimoja baada ya kingine, akivua kila kimoja duara lake. Kibatari cha mafuta ya taa. Bati la jirani. Kikombe kikiwa juani.

"Na uso wako?"

"Uso wangu?"

"Una duara tangu mwaka jana. Ukiingia hapo mlangoni na mwanga nyuma yako, unang'aa mzima. Sijawahi kukwambia. Nilidhani umependeza tu, umekuwa mwanamke, mambo yako yanakwenda vizuri." Akaikunja foronya, pande mbili, kisha nne. "Nilifurahi sana moyoni. Nikasema, huyu mtoto nimemlea vizuri."

Nikaenda dirishani, lile la ukutani, nikajifanya naangalia madumu.

"Hao madaktari wapo hadi lini?" akauliza nyuma yangu.

"Keshokutwa."

"Basi niamshe mapema kesho. Foleni za bure ni ndefu."

Alfajiri tulishika njia ya kituo cha afya. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubana hadi nikaona alama baadaye. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, alimulika, akaandika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, wa jicho la kulia amekomaa na watamtoa leoleo, wa kushoto baadaye mahali pengine. Akasema wengi wanaona vizuri. Akasema wengi, hakusema wote, na shangazi ambaye masikio yake hayana ugonjwa wowote akalisikia lile neno. Alipokuwa akiingizwa ndani aligeuka akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lile la mlangoni nililosema kuhusu kung'ata watu, silifuti."

Walimrudisha na pamba nyeupe kubwa iliyofunika nusu ya uso. Atafunguliwa asubuhi, walisema. Nikakaa kwenye benchi karibu na kitanda chake. Nilimpa maji, nikamgeuza, nikamwelekeza chooni, nikamsikiliza akihema. Kati ya pumzi na pumzi niliyaona maduara, mengi, yakipanda kutoka kwenye vitanda vya wagonjwa, yakipenya dari. Sijui nilikuwa macho au nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimesimama mbele ya mashine wiki nzima, na kabla ya hiyo wiki nyingine, na sikumbuki ni lini nilikaa chini bila kupitiwa na usingizi.

Asubuhi muuguzi alikuja na kibakuli cha bati. Akavuta plasta taratibu, akafuta kwa maji ya uvuguvugu, akasema, "Fungua polepole, mama."

Jicho lilifunguka jekundu, lina machozi. Likazunguka. Likaenda kwenye shuka la hospitali, likasimama hapo. "Nyeupe," shangazi akasema, kama anayesoma. Likaenda ukutani, kwenye mlango uliopakwa rangi ya buluu. Alitazama buluu ile muda mrefu, mdomo wazi kidogo. Muuguzi akanyoosha vidole, ngapi hivi, na shangazi akamwambia vitatu, na kwamba kucha ya hicho cha kati ina ufa.

Muuguzi akacheka akaenda kwa mwingine. Mimi nilikuwa bado nimesimama nyuma yake, na nyuma yangu kulikuwa na dirisha na jua lote la asubuhi. Nilitengeneza uso wangu. Nilitaka akinitazama anione nimependeza.

Akageuka, akanitazama. Hakuna aliyewahi kunitazama vile, ile namna yake ya kazi, jani kwa jani, bila kuongeza wala kuondoa. Alipita chini ya macho yangu, pembeni ya mdomo, akashuka hadi mikononi, akapanda tena. Tabasamu nililoliandaa likaniishia usoni lenyewe.

"Mwanangu," akasema. "Kumbe umechoka hivi."

Nilitaka kumwambia sijachoka, niko sawa. Nilikuwa nimelisema mara nyingi, lilikuwa rahisi. Badala yake nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaweka kichwa kwenye godoro na kulia, naye hakuniambia ninyamaze. Aliendelea tu kunitazama.